Tusipike Majibu: Somo Kutoka kwa Mpima Bahari wa Japani

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimfundisha mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kudanganya. Haikuwa kwenye andalio la somo, na msimamizi aliyekuja kunikagua wiki ile hakuiona. Lakini nilifanya, na tangu siku ile sijamwambia mtu. Naandika leo kwa sababu praktikali za mwisho wa muhula zinakaribia, na kwa sababu najua sisi tunaosoma ualimu wa sayansi, wengi tu, tumeshafanya vilevile.

Ilikuwa taitresheni, ile ya kawaida kabisa. Wanafunzi arobaini na kitu, bureti chache, mbili kati yake zinavuja. Usiku wake nilikuwa nimetengeneza alkali ya kutosha, au nilidhani inatosha. Asubuhi nikaona haitoshi, nikatengeneza chupa ya pili haraka haraka huku kengele inagongwa. Jibu nililolitarajia lilikuwa mililita 25.

Meza za mbele wakapata 24.9, 25.0, 25.1. Nikafurahi. Nikafika meza ya nyuma, walikotumia ile chupa ya pili. Nako wakawa na 25.0, isipokuwa binti mmoja mkimya. Yeye alikuwa ameandika 27.3, 27.2, 27.3. Akaniangalia kwa aibu, akasema, "Madam, yangu inagoma."

Sikumuuliza amefanyaje. Nikamwambia, "Angalia wenzako wamepata ngapi, halafu rekebisha." Akafuta kwa ufutio, akapuliza vumbi, akaandika 25.1. Nikampa alama zote.

Jioni nikiosha vyombo, moyo haukutulia. Nikachukua mabaki ya ile chupa ya pili, nikapima mwenyewe. 27.3. Nikarudia. 27.3. Kwa haraka ya asubuhi nilikuwa nimeweka maji pungufu, alkali ikawa kali kuliko ilivyopaswa. Maana yake ni kwamba katika meza nzima, aliyepima kweli alikuwa mmoja tu. Wengine walikwenda kuchungulia meza za mbele. Na yule mmoja, mwalimu wake mwenyewe alimwambia afute.

Kesho yake niliingia darasani nikafundisha mada inayofuata.

Sasa nije kwenye bahari. Muhula huu, kwenye kozi ya kemia ya mazingira, tuligawiwa mada za kuwasilisha, na mimi nikaangukia kaboni ya baharini. Nilikuwa natafuta takwimu za kujaza slaidi zangu tu, nipite. Nikakutana na habari ya mwanasayansi wa Japani anayeitwa Yoshimi Suzuki, na tangu hapo sikulala vizuri.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini. Maji ya bahari yana mabaki ya viumbe: mwani uliokufa, kinyesi cha samaki, majani yaliyoletwa na mito, na taka za vijidudu vyenyewe. Mengine ni chembe unazoweza kuzichuja. Lakini mengi zaidi yameyeyuka kabisa. Fikiria chai: ukishachuja majani, rangi na ladha vinabaki kwenye kikombe, na hakuna chujio la jikoni litakaloviondoa. Bahari yote ni chai ya namna hiyo, ila nyepesi mno. Lita moja ya maji ya kilindini ina kaboni hiyo kama nusu miligramu tu.

Nusu miligramu ni kitu kidogo, lakini bahari ni kubwa. Ukijumlisha yote unapata kama tani bilioni 660 za kaboni, kiasi kinachokaribiana na kaboni yote iliyomo kwenye hewa ukaa ya angani. Na kaboni hii haina haraka. Mwaka 1987 Peter Williams na Ellen Druffel waliipima umri kwa njia ya redio-kaboni katika kilindi cha Pasifiki, wakakuta kwa wastani ina umri wa miaka kama 6,000. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua dunia inahifadhi wapi kaboni yake, lazima ajue ile chai ya baharini ina ukali kiasi gani. Ukikosea kipimo cha tone moja, umeikosea bahari nzima.

Na kipimo chenyewe ni kigumu. Unatafuta nusu miligramu ya kaboni ndani ya lita yenye gramu 35 hivi za chumvi. Njia za zamani zilitumia kemikali za kuoksidisha au mwanga wa urujuanimno kuyageuza mabaki yale kuwa hewa ukaa, halafu hewa hiyo ikapimwa. Mashaka yalikuwepo siku zote: je, kama kuna mabaki sugu ambayo njia hizo haziyagusi?

Mwaka 1988 Yukio Sugimura na Suzuki, wakiwa katika taasisi ya utafiti wa hali ya hewa huko Tsukuba, walichapisha katika jarida la Marine Chemistry njia mpya. Unachukua tone la maji ya bahari, unalidondoshea moja kwa moja kwenye tanuri lenye nyuzijoto 680, juu ya kichocheo cha platinamu. Kila kitu kinaungua. Hewa ukaa inayotoka inapimwa kwa mashine. Na majibu yao yaliwashtua watu: walipata kaboni mara mbili hadi nne ya iliyokuwa ikijulikana.

Hebu fikiria uzito wa jambo hilo. Ni kama mhasibu akuambie kwamba ghala ulilolihesabu miaka yote lina mzigo mara tatu ya ulioandika. Tena majibu yao yalikuwa na mpangilio wa kuvutia: pale ambapo oksijeni ya maji ilikuwa imetumika sana, kaboni nayo ilikuwa imepungua, kana kwamba unaona vijidudu vikiila mbele ya macho yako. Mambo mengi yaliyokuwa hayaelezeki yakaonekana kupata maelezo. Watu wakaanza kuandika upya hesabu za kaboni ya dunia.

Kisha maabara nyingine zikajaribu. Wapo waliopata majibu makubwa kama yale, na wapo ambao hawakuyapata. Mwaka 1991 wataalamu wakakutana Seattle, Marekani, katika warsha iliyoongozwa na John Hedges na Cindy Lee. Kabla ya hapo maabara mbalimbali zilikuwa zimepimishwa maji yaleyale. Majibu yalitawanyika vibaya. Maji ni yaleyale, bahari ni ileile, lakini kila mtu na namba yake.

Shida kubwa ilikuwa kwenye kitu ambacho sisi maabara tunakidharau kila siku: blanki. Kile kipimo unachofanya bila sampuli, kwa maji matupu, ili ujue mashine yenyewe inachangia kiasi gani. Mashine zile za tanuri zilikuwa zinatoa hewa ukaa yao wenyewe, hasa kutoka kwenye kichocheo. Usipoitoa hewa hiyo kwenye hesabu sawasawa, unaihesabu kuwa ni ya bahari.

Na hapa ndipo ninapotaka ndugu msomaji atulie kidogo. Mwaka 1993, katika jarida lilelile, toleo lililobeba kazi za warsha ile, Suzuki aliandika andiko fupi. Hakumlaumu fundi wa mashine, na hakusema wenzake ndio wasiojua kupima. Aliyaondoa majibu yao ya mwanzo mbele ya dunia nzima ya taaluma yake.

Mtu huyu jina lake lilikuwa limeshafika kila maabara inayopima bahari. Majibu yale ndiyo yaliyomjengea sifa. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuacha hoja ifie kwenye mabishano, kama hoja nyingi zinavyokufa. Badala yake aliweka saini yake chini ya maneno ambayo sisi hapa chuoni tunaogopa kuyatamka hata kwenye majadiliano ya kikundi: tulikosea.

Baada ya hapo dunia haikumwangukia. Aliendelea na sayansi, akawa profesa Chuo Kikuu cha Shizuoka, akafanya utafiti wa miamba ya matumbawe. Na ile njia yake ya tanuri? Baada ya kurekebisha suala la blanki, ndiyo njia inayotumika leo sehemu nyingi duniani kupima kaboni hiyo. Wapimaji sasa wanatumia maji ya rejea yanayogawiwa kwa maabara mbalimbali, ili kila mtu aijaribu mashine yake kabla ya kutangaza namba. Kujulikana kwa kosa lile ndiko kulikowalazimisha wote wapime vizuri zaidi.

Nikiwa nasoma haya saa saba usiku, nikamkumbuka yule binti na ufutio wake.

Kuna jambo nataka tulitenganishe vizuri, maana tunalichanganya. Suzuki hakupika data. Alikosea. Aliandika alichokiona kwenye mashine, na alichokiona kilikuwa na kasoro ndani yake. Kwa sababu namba zake zilikuwa za kweli kwa maana ya kwamba mashine ilizitoa, wenzake waliweza kuzifuatilia hadi kwenye chanzo cha kosa. Kosa lilikuwa na anwani.

Data ya kupikwa haina anwani. Mwanafunzi akiandika 25.1 kwa sababu jirani ana 25.1, hakuna njia ya kurudi. Huwezi kuuliza "kwa nini ilitoka hivi," kwa sababu haikutoka. Kama wanafunzi wote wa meza ile wangeandika 27.3 yao kweli, ningegundua kosa langu palepale, dakika kumi hazijaisha, na lingekuwa somo zuri kuliko lote nililofundisha muhula ule. Lakini walichungulia, na aliyebaki nikamzima mwenyewe. Kosa langu likabaki limejificha chini ya majibu mazuri.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Tuseme ukweli, maabara ya mwaka wa kwanza tuliingia na ripoti za kaka na dada zetu wa mwaka wa pili zikiwa kwenye simu. Desa lilikuwa limeshatuambia grafu inapaswa kupita wapi. Tulichofanya saa tatu zile ni kutafuta nukta za kuweka karibu na mstari ambao tayari tunaujua. Ukipata nukta iliyokaa mbali, unaipa jina la "kosa la kibinadamu," unaisogeza. Kosa la kibinadamu! Tunaliandika kwenye kila ripoti kama sala ya kufungia, bila kusema binadamu yupi, amekosea nini.

Najua mtakachosema, kwa sababu hata mimi nimekisema. Mtasema Suzuki alikuwa na ajira yake Japani, sisi tuna GPA. Ukiandika 27.3 msahihishaji anataka 25, unakatwa. Ukikatwa unaweza kupata sapu, na sapu tunajua inavyokula likizo na nauli. Mwenye bumu la kuungaunga hana nafasi ya kuwa shujaa wa ukweli. Hoja hii ni nzito na sitaidharau. Mtu anayepewa alama kwa kufikia namba fulani atafikia namba hiyo, kwa bureti au kwa kalamu. Hilo si suala la tabia mbaya ya mwanafunzi peke yake. Ni mfumo wa kusahihisha unaomwadhibu anayeandika alichokiona na kumzawadia anayeandika kilichotarajiwa.

Lakini hoja hiyohiyo inatubana sisi walimu watarajiwa kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenzetu wa uhandisi akipika data, atakayeumia ni daraja lake siku moja, na tutaliona likianguka. Sisi tukipika, tunakwenda kuisambaza tabia hiyo kwa watoto arobaini kwa kila darasa, mwaka hadi mwaka, na hakuna kitakachoanguka kwa kishindo. Watakuja tu wakaguzi wa maji wanaojaza fomu bila kupima, wauguzi wanaoandika joto la mgonjwa kwa kukadiria, watafiti wanaojaza dodoso chini ya mwembe. Kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto mwenye bureti, na kuna mtu alimwambia, "angalia wenzako, halafu rekebisha."

Wapo watakaosema pia kwamba praktikali ya shule si utafiti, jibu linajulikana, kwa hiyo hakuna ubaya mtoto akilifikia. Mimi naona ni kinyume. Kwa kuwa jibu linajulikana, praktikali ya shule haina kitu kingine cha kufundisha isipokuwa namna ya kupima na kuamini ulichopima mpaka uthibitishe vingine. Ukiondoa hilo, imebaki shughuli ya kuchafua vyombo.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na hakuna linalohitaji bajeti mpya.

Kwanza, katika ripoti za maabara, alama za usahihi wa namba zipunguzwe, na alama ziwekwe kwenye maelezo ya tofauti. Mwanafunzi aliyepata 27.3, akarudia mara tatu, akaeleza anachoshuku na namna ya kukihakiki, apate zaidi ya aliyepata 25.0 akakaa kimya. Na neno "kosa la kibinadamu" bila maelezo lisipewe hata nusu alama.

Pili, kila praktikali ianze na blanki, na iandikwe kwenye ripoti. Tena msimamizi atupe mara mojamoja sampuli ambayo jibu lake haliko kwenye desa lolote. Siku hiyo tutajua nani anajua kutumia pipeti. Naogopa mimi mwenyewe nitakuwa kati ya watakaoumbuka, lakini bora niumbuke hapa kuliko mbele ya darasa.

Tatu, fomu ya kutukagua kwenye mazoezi ya kufundisha iwe na kipengele cha namna mwalimu anavyolipokea jibu lisilotarajiwa. Mimi nilipata A. Ubao ulikuwa msafi, zana za kufundishia zilikuwepo, sauti ilisikika. Hakuna aliyeniuliza nilimfanya nini mtoto aliyepata namba tofauti.

Namwomba waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi ayabebe haya kwenye kikao kijacho na idara, na niko tayari kwenda naye. Kama idara itasema haiwezekani, basi itueleze kwa nini, nasi tutasikiliza.

Lakini siwezi kumaliza kwa kuwaelekeza wengine tu, maana ningekuwa nimerudia kilekile. Suzuki hakuomba idara ibadilike kwanza. Aliandika andiko lake.

Wiki iliyopita nilimpigia simu mwalimu wa kemia aliyekuwa mwenyeji wangu kule shuleni. Baada ya salamu na kuulizana habari za nyumbani, nikamweleza yote: ile chupa ya pili, maji pungufu, binti na ufutio wake. Nilitegemea acheke au anigombeze. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hiyo nimeifanya miaka kumi na nane." Halafu akaniambia yule binti sasa yuko Kidato cha Nne, na kwamba kwenye praktikali siku hizi hana shida kabisa, majibu yake yanakuja vizuri sana, sawasawa na ya wenzake.

Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nimemwandikia barua, na mwalimu amekubali kuifikisha. Si ndefu. Nimemwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyepima, na mimi ndiye niliyekosea. Nimemwambia 27.3 ilikuwa sahihi, tena mara tatu. Na nimemwomba, mtihani wake wa vitendo ukifika, aandike anachokiona kwenye bureti.

Baada ya kuituma, nikaanza kuogopa. Je, kama atafanya nilivyomwambia, na msahihishaji akamkata? Sina jibu. Ndiyo maana nimeandika makala hii na kwenu pia.